Umeanza kupenda mpira ukubwani? Anza na vizibo vya soda

Mashabiki wapya wa umri mkubwa, hasa akina mama waliovutwa na wajukuu, hukosea mahali pamoja: wanaanzia na dabi. Simba na Yanga kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni mechi mbaya ya kujifunzia. Uwanja unachukua watu 60,000, filimbi husikii, na wachezaji wenyewe siku hiyo wanakamiana tu. Anza na mechi ya kawaida ya ligi, timu yako na timu ya mkoani, ikiwezekana Chamazi kwenye uwanja wa Azam ambako unakaa karibu na mstari. Kwa Mkapa kuna njia ya riadha kati ya jukwaa na nyasi; ukikaa nyuma ya goli, goli la upande wa pili utalijua kwa kelele. Ukilazimika kwenda huko, kaa pembeni usawa wa katikati ya uwanja, tena juu kidogo. Viti vya mzunguko ni bei rahisi, lakini kwa macho ya miaka 60 ongeza hela.

Kabla ya hapo, malizana na kuotea (offside). Kaa mezani na vizibo vya soda vya rangi mbili na punje moja ya harage. Kizibo kimoja kwenye ukingo wa meza ni kipa, viwili mbele yake ni mabeki. Rangi ya pili ndiyo timu yako: mmoja mshambuliaji, mwingine yuko mbali na ana harage, yaani mpira. Mweke mshambuliaji kati ya mabeki na kipa, kisha sukuma harage kumwelekea. Mbele yake amebaki mtu mmoja tu, kipa. Ameotea. Mrudishe alingane na beki wa mwisho, rudia pasi: hajaotea, kulingana si kosa.

Sasa penye utata. Sukuma harage kwanza, ndipo umkimbize mshambuliaji awapite mabeki. Hajaotea, hata akiupokea akiwa uso kwa uso na kipa, kwa sababu kinachohesabiwa ni mahali alipokuwa wakati mwenzake anaugusa mpira kutoa pasi. Hapo ndipo refa anapotukanwa bure: jukwaa zima limekodolea mpira, mshika kibendera anatazama mstari wa mabeki. Mechi yako ya kwanza itoe sadaka. Dakika 20 tazama mabeki peke yao. Mikono haihesabiwi kwenye kuotea. Aliye kwenye nusu ya uwanja ya timu yake haotei, wala haotei mtu anayepokea moja kwa moja mpira wa kona, wa kurushwa au wa goli kiki.

Kibendera nacho kinasema. Kikishainuliwa kwa kuotea, tazama kinaposhuka: kikibaki kimeelekea juu, kosa liko upande wa mbali, kikiwa usawa wa bega, katikati, kikielekea chini, upande wake mwenyewe. Na refa akinyoosha mkono juu wakati wa faulo na kuuacha hapo, usishangilie mapema. Mpira huo hauwezi kuwa goli mpaka uguswe na mchezaji mwingine.

Kijiweni utasikia "namba sita kazidiwa". Usitafute jezi yenye 6. Hiyo ni nafasi: 2 na 3 ni mabeki wa pembeni, 4 na 5 wa kati, 6 kiungo mkabaji, 7 na 11 mawinga, 9 mshambuliaji wa kati. Jonas Mkude, enzi zake Simba, alivaa jezi namba 20 na kucheza namba sita.

Utani utakufuata hata jikoni, na hoja pekee inayofanya kazi ni tarakimu. Yanga wana 5-0 ya 1968 na 5-1 ya Novemba 2023. Simba wana 6-0 ya 1977 na 5-0 ya Mei 2012. Ile 3-3 ya Oktoba 2013 kila upande unaisimulia kivyake: Yanga waliongoza 3-0 mapumziko, Simba wakarudisha yote. Ukishazijua hizo, kijana aliyezaliwa juzi hakubabaishi.

Siku ya kwenda uwanjani, N-Card, kadi ya kulipia tiketi, ni ileile unayovukia Kigamboni, ila kila mtu awe na yake. Iwekee hela na ununue tiketi siku moja kabla. Asubuhi ya mechi kubwa mtandao huelemewa, na foleni ya kuhangaikia kadi getini haina kivuli. Kagua nguo vilevile. Kilemba chekundu, rangi ya Simba, katikati ya Wananchi, yaani watu wa Yanga, hakina utetezi, hata kama ulikivaa kwa sababu ya msiba.

Ukibaki nyumbani, jua kwamba redio hutangulia king'amuzi kwa sekunde kadhaa, na mechi ya kwenye simu kwa bando huja nyuma ya vyote viwili. Ukitazamia kwenye simu na jirani ana redio, goli utalisikia ukutani kabla ya kona kupigwa. Funga dirisha, zima na arifa za kundi la familia. Kuna mpwa mmoja lazima ataandika "GOOOLI" bila kusema la nani.