Spana namba 10, saa tatu usiku

Swali la wiki hii limeuliza: "Mambo yakikuzidi, unakwenda kutulizia wapi kichwa?" Najua wengi mtajibu sala, usingizi, kwaya, au kupanda Mlima Loleza Jumamosi asubuhi. Sipingi hata kimoja. Mimi huingia kwenye kibanda nyuma ya nyumba yangu hapa Isyesye, Mbeya, nikawasha balbu, nikavaa koti kuukuu la mume wangu, nikakaa kwenye kigoda mbele ya pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125.

Mimi ni afisa mikopo. Mwanjelwa wananiita "yule dada wa marejesho", na nikikata kona ya wauza viazi kuna akina mama wanaoinama ghafla kutafuta chini ya meza kitu ambacho hakijadondoka. Siwalaumu. Kazi yenyewe haina mahali inapoishia: ukimalizana na huyu, yule kazima simu, na meneja anataka orodha kabla ya saa kumi na moja. Nyumbani nako, baba Neema anaendesha lori. Nusu ya ndoa yetu iko kwenye foleni ya Tunduma.

Pikipiki ilikuwa Tukuyu, imeegemezwa kwenye migomba miaka 9 tangu mzee atutoke. Alikuwa bwana shamba, na mvua za Rungwe mnazijua. Sijui ni mara ngapi aliisukuma kwenye tope badala ya kuipanda. Kaka zangu walishaita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaambia, leteni kwangu. Ikaja juu ya Canter, katikati ya mikungu ya ndizi, kuku mmoja amefungwa kwenye usukani.

Sikujua kitu. Kuna fundi kijana pale Mafiati ambaye ningeweza kumzaa, ndiye aliyenifundisha. "Mama, injini ikigoma uliza maswali matatu tu. Mafuta yanafika? Moto upo? Kompresheni ipo? Uliza moja, limalize, ndiyo uende la pili."

Nilianza na mafuta. Tangi lilikuwa na kutu ndani, nikatia kokoto ndogo na siki, nikalitikisa jioni tatu mfululizo hadi jirani akauliza kama tunafanya mazoezi ya kayamba. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndiyo iliyonichukua muda. Petroli ikikaa miaka humo ndani hukauka na kuacha utando wa kahawia, na jeti ndogo, ile ya kuiwezesha injini kunguruma ukiwa umesimama, ina tundu jembamba kama ncha ya sindano. Lilikuwa limeziba kabisa. Nililizibua kwa uzi mmoja wa waya niliouchomoa kwenye kebo mbovu ya klachi, taratibu, kwa sababu ukilipanua tundu hilo umeharibu jeti. Niseme na hili: siku ya kwanza niliifungua kabureta jikoni, mita mbili kutoka kwenye jiko la mkaa. Binti yangu ndiye aliyeniuliza, "Mama, hiyo si petroli?" Tangu siku hiyo ni kibandani, mlango wazi, kuwe na baridi kusiwe.

Moto, yaani cheche ya plagi, ulipatikana baada ya kusugua kontakti kwa msasa laini na kubadilisha plagi. Kisha vali, ile milango midogo inayofunga hewa ndani ya injini ili kompresheni iwepo. Nafasi yake kwenye injini hii ni milimita 0.08, kama unene wa karatasi ya daftari, na inapimwa injini ikiwa baridi. Mbeya, mwezi wa saba, injini gani itakuwa ya moto?

Bahati yangu ni kwamba CG ilitengenezwa kwa watu kama mimi. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo pikipiki hufanya kazi za punda na fundi hayuko karibu. Vali zake zinasukumwa na fito mbili za chuma, haina ile cheni ya ndani inayolegea ikaanza kulia. Wachina wameiiga injini hiyo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, kwa hiyo nikienda Sido kutafuta gasketi nadra kurudi mikono mitupu.

Sasa mtasema nimepata utulivu. Ngojeni.

Kuna siku tulikwenda kuchukua friji la mteja. Mama wa viazi, mvua ilimkatia barabara ya Umalila, gunia zikaozea njiani, marejesho yakapita miezi mitatu. Hakupiga kelele. Alilifuta friji kwa kanga kabla hatujalibeba, akanipa na funguo yake. Usiku ule niliingia kibandani moja kwa moja, sijala, nikaanza kukaza boliti ya kumwagia oili. Nilikaza. Nikaongeza. Nikaongeza tena, hadi spana ikazunguka yenyewe bila kushika kitu. Uzi umekwisha, kwenye aluminiamu, sehemu ambayo haina spea ila injini nyingine.

Yule kijana aliitazama, akanitazama na mimi. "Mama, leo ulikuwa unamkaza nani?" Akanichongea uzi mkubwa zaidi, akaweka boliti ya kuufaa. Hela ya mboga ya wiki nzima ikaishia hapo.

Kwa hiyo wanaosema kutengeneza chombo kunaondoa msongo, mimi siamini hivyo. Chombo kinapokea ulichokuja nacho. Tangu siku ile nikifika nimechafukwa siigusi injini. Namwaga kopo la Blue Band lenye boliti kwenye gunia, nazipanga: za spana namba 8, namba 10, namba 14, wasa upande wake, zilizokufa uzi upande wake. Dakika ishirini hivi. Katika boliti ya thelathini au arobaini huwa nagundua kwamba nimeacha kubishana na meneja kichwani. Friji la yule mama halina namba ya spana, nimelitafutia sana. Boliti iliyoko mkononi inayo, na kwa saa moja naruhusiwa kushughulika na hiyo tu.

Iliwaka Jumapili moja baada ya ibada, kiki ya kumi na kitu, ikatoa moshi uliojaza ua mzima. Plagi ilikuwa ikitoka nyeusi kwa masizi. Hapa juu, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi, nikashusha sindano ya kabureta kijino kimoja ikatulia. Nimeifikisha Uyole na kurudi. Sasa inavuja oili kidogo kwenye mfuniko wa klachi.

Juzi saa tatu usiku baba Neema alipiga simu kutoka Tunduma, siku ya nne kwenye foleni, sauti imechoka.

"Mama Neema, hujalala?"

"Nimeangusha wasa, siioni."

Akanyamaza kidogo. "Ya ngapi?"

"Ya boliti ya sita. Ile ya spana namba 10."

"Angalia chini ya kigoda," akasema. "Mimi nasubiri hapa hapa kwenye simu."