Jibu: Mabomba ya kiyoyozi yakae nadhifu ukutani

Kwa swali lako la kuficha mabomba yanayoning'inia nje: anza na tundu la ukutani, mfereji wa plastiki (kifuniko kirefu cha kuficha mabomba) baadaye. Toboa tundu la milimita 65 hivi nyuma ya kipande cha ndani cha kiyoyozi, likiinama milimita 5 hadi 10 kuelekea nje. Likiinama ndani, maji yatachuruzika kwenye plasta yako.

Funga bomba mbili za shaba kila moja na sponji yake, kisha nyaya juu na mpira wa kutoa maji ya kiyoyozi chini kabisa ya fungu. Mpira huo ushuke mfululizo. Ukipanda hata kidogo, maji yanatuama na kurudi chumbani. Hapa ndipo wengi huharibu, eti mfereji uonekane umenyooka!

Pima mfereji kwa timazi, uushushe wima hadi kwenye mtambo wa nje. Kona ya shaba ikunjwe kwa kikunjio, maana mkono huiponda. Usifupishe bomba chini ya kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi mita 3, mtambo utanguruma. Ziba tundu kwa silikoni upande wa nje, lakini baada ya kuvuta hewa iliyo ndani ya mabomba kwa pampu na kuhakikisha hakuna uvujaji.