Re: Hilux ya zamani au mpya kwa mzigo wa Makete?
Ndugu, umeuliza uchukue Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 3L au ukope ununue mpya, kazi ikiwa kuleta viazi Mbeya kutoka Makete. Mimi ningechukua ya zamani. Pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, mafundi wengi wa Mwanjelwa, pale Mbeya, wanaimudu, na dizeli chafu ya madumu haiui nozeli zake (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) upesi kama za injini mpya. Ila 3L haina turbo ya kuisukumia injini hewa zaidi, na huku juu hewa ni nyepesi. Ukiwa na mzigo mlimani utavumilia gia ndogo.

Kabla hujalipa, iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa, uangalie moshi. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimekwisha, achana nayo. Na chesisi ukaigonge mwenyewe usikie kama imeliwa na kutu, tafadhali, usimwachie dalali.