Lisome lori la babu kabla ya kushika spana

SWALI: Mzee, salamu kutoka Molo. Babu alifariki mwaka jana, akatuachia Bedford ya pua iliyokaa nyuma ya zizi tangu nikiwa shule ya msingi. Logbuku haionekani. Injini ni Perkins, imekwama. Mjomba ameshaleta mtu wa skrepu kuitazama. Mimi nataka kuifufua na kujua ilikotoka. Nianzie wapi?
Mjukuu, Molo

JIBU: Mjukuu, anza na mjomba. Mweleze kwa heshima kwamba lori hilo bado haliuziki. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka ya kuisimamia. Hapo utapata muda, na kazi hii inakula muda kuliko pesa.

Sasa, tafadhali, usilipige msasa ovyo wala usinunue rangi. Huniuma sana kuona lori zee likitoka gereji hapa Nakuru linang'aa, na kila dalili ya maisha yake imefutwa.

Anza na milango. Malori ya mizigo huandikwa jina la mwenyewe na uzito wa gari likiwa tupu, zile herufi T.W. Kila aliyelinunua alipaka rangi juu ya jina la aliyemtangulia. Chukua msasa laini wa maji, sugua sehemu ndogo kama kiganja, na upige picha kila rangi inapobadilika. Uzito ukitokea kwa lb, yaani ratili, badala ya kilo, umefikia rangi ya kabla Kenya haijahamia vipimo vya metriki. Likitokea jina la kiwanda cha mbao cha Elburgon au la shamba la pareto, umepata pa kwenda kuuliza. Ukifika huko usiishie kwa madereva, mtafute utingo. Yeye ndiye aliyepakia, akashusha, akalala juu ya mzigo, na hukumbuka mambo ambayo dereva hakuyaona.

Halafu namba. Tafuta kibati ndani ya kebini, kisha namba iliyogongwa kwenye chesisi. Safisha kutu kwa dizeli na brashi ya waya. Grainda isikaribie hapo, wala mtu asichomelee juu yake, kwa sababu namba hiyo ndiyo kitambulisho cha lori. Injini huja na kuondoka. Bedford walikuwa na dizeli zao wenyewe, kama ile ya inchi za ujazo 330, kwa hiyo Perkins yako huenda ilifungwa baadaye. Ikiwa imeandikwa 6.354, ina silinda 6 na inchi za ujazo 354, karibu lita 5.8. Usikadirie umri wa lori kwa injini hiyo.

Hata umbo halitoshi. Bedford TJ, ambayo nadhani ndiyo yako, ilitoka 1958. Uingereza waliacha kuiuza kwao 1975, lakini za kupeleka nje ziliendelea kuundwa. Namba ya usajili itakusaidia kidogo: ikiwa haina herufi mwishoni, lori lilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA ulioanza 1989.

Kuhusu injini, toa nozeli, mimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, uiache hata wiki nzima. Kisha jaribu kuizungusha kwa mkono kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu, mbele na nyuma. Usikubali kabisa wakuvutie lori kwa trekta likiwa kwenye gia. Ringi za pistoni zilizoganda zitakatika, na pengine konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ipinde.

Na magurudumu! Rimu za ringi, zile ambazo tairi hushikiliwa na ringi ya chuma inayoweza kuruka, zimeua mafundi. Kabla ya kulegeza nati hata moja, toa upepo wote, ung'oe na kijiti cha valvu. Kwenye breki, vumbi la laini za zamani huwa na asbestosi, inayodhuru mapafu. Usilipulize kwa kompresa. Lowesha kwanza, ulifute kwa kitambaa, kisha ukitupe.

SWALI: Natengeneza Leyland Beaver iliyobeba miwa zamani. Mbona spana zangu zote zinateleza kwenye nati?
Msomaji, Muhoroni

JIBU: Nati hizo si za milimita. Kwa lori la Uingereza la umri huo, zinaelekea kuwa za Whitworth au BSF, vipimo vya zamani vya Kiingereza vya nati na bolti. Meno yake yana pembe ya digrii 55, ya milimita yana 60, kwa hiyo bolti ya kubahatisha itaingia mizunguko miwili kisha iharibu tundu. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa cha nati, ndiyo maana nusu inchi yake ni pana kuliko nusu inchi uliyozoea. Waulize mafundi wazee wa reli pale Kisumu; wapo ambao bado wanazo. Kuhusu historia, andika namba ya chesisi vizuri, uwatumie jumba la makumbusho ya magari ya biashara, British Commercial Vehicle Museum, lililo katika mji wenyewe wa Leyland, Lancashire. Wanahifadhi kumbukumbu za kiwanda hicho.