Futeni maneno "eneo la sanaa" katika rasimu hiyo, andikeni jedwali

Usiipeleke rasimu hiyo kaunti kabla ya kuweka jedwali la kazi zinazoruhusiwa mtaani. Umeeleza kwamba mnataka kanuni za matumizi ya ardhi zirekebishwe ili mtaa wenu wa mabohari uitwe "eneo la sanaa na utamaduni", na kwamba mtaalamu wenu wa mipango miji amesema maneno hayo yanatosha, mengine yatajipanga. Nasi tuliuziwa maneno hayo hayo, tena ghali, na bwana ambaye simu yake iliacha kupatikana mara tu hundi ilipopita.

Sanaa si aina ya matumizi ya ardhi. Afisa wa upangaji akija kukagua haoni sanaa. Anaona mtu anachomelea vyuma, tanuri la vyungu, watu mia wameketi mbele ya jukwaa na kitanda kilichofichwa nyuma ya turubai, na kila kimoja kina kundi lake: kiwanda chepesi, ukumbi wa burudani, makazi. Kanuni yetu ilipita ikitaja "shughuli za sanaa" bila jedwali lolote, na waliofaidika ni wenye baa, ambao walitundika picha mbili ukutani wakajiita majumba ya maonyesho. Kodi za mabohari zikapanda. Mchongaji wa vyuma, ambaye wazo lote lilikuwa lake, akaletewa ilani ya kusimamisha kazi kwa kuendesha kiwanda pasipo kibali, na waliokuwa wakilala juu ya karakana zao wakaambiwa kwamba makazi hayakutajwa. Tulipomfuata mwenyewe yule bwana aliyetuuzia maneno, alitujibu kwamba nia ya kanuni ilikuwa wazi kabisa. Nilitamani ilani ile ipelekewe hiyo nia.

Hata New York, mwaka 1971, walipoyafungulia wasanii majengo ya viwanda ya mtaa wa SoHo, walitaja bayana kuishi na kufanya kazi, ila wakamtaka mkazi awe na cheti cha usanii kilichotolewa na jiji. Miaka ikapita, wakazi wengi wakawa hawana cheti hicho, na mwaka 2021 jiji likalazimika kuipanga upya kanda ile. Taja kazi, usimtaje msanii. Wala usinitajie GoDown, kituo cha sanaa cha Dunga Road jijini Nairobi, kilichoanza mwaka 2003: hiyo ni taasisi moja katikati ya viwanda, mahali ambapo jirani wa usiku ni mlinzi, si mama mwenye mtoto mchanga kama mtaani kwenu.

Tena jedwali liwe na saa. Kanuni za taifa la Kenya za kelele za mwaka 2009 hazifutwi na kaunti: penye mchanganyiko wa makazi na burudani ni desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku wao huanza saa mbili. (Siku hizi nazijua desibeli kuliko fundi wa spika, na sijawahi kumiliki spika.)

Uliuliza pia kuhusu ada ya mtaalamu wenu na sahihi za majirani. Sahihi kusanyeni, lakini kwanza piteni mlango kwa mlango mkiandika nani anafanya nini, kwa mashine gani, mpaka saa ngapi, na kama analala humo. Mtaalamu wenu akisema jedwali litaandaliwa na kaunti baadaye, mwambie aiandike kauli hiyo kwa barua, aweke sahihi na muhuri wake, kabla hamjamlipa awamu ya pili.