Kabati la Sentimita 32: Maswali Yenu Kuhusu Samani Ndogo za Kale

Nimenunua kabati la droo nne, la mahogani, lenye kimo cha sentimita 32. Muuzaji alisema ni kazi ya kufuzu ya mwanagenzi wa Uingereza, ya mwaka 1800 hivi, ndiyo maana bei ilikuwa juu. Nitajuaje kama ni kweli? – Msomaji, Mombasa

Hadithi ya mwanagenzi imebandikwa kwenye makabati madogo mengi kuliko wanagenzi waliowahi kuyatengeneza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 ilimtaka mwanagenzi akae kwa bwana wake miaka 7, lakini haikumdai kabati dogo ili afuzu. Katika miji ya Ujerumani vyama vya mafundi vilidai kazi ya kufuzu, na kwa kawaida hiyo ilikuwa samani ya ukubwa kamili. Wenye desturi ya kuonyesha ustadi kwa kazi ndogo ni vyama vya mafundi wa Ufaransa viitwavyo Compagnons, na maseremala wao wanajulikana zaidi kwa ngazi za kuzunguka na mapaa ya mfano.

Kabati lako laweza kuwa chombo cha kuwekea vito na nyuzi, sampuli ya kuonyesha wateja, au kitu cha kuchezea mtoto mwenye mwanasesere mkubwa. La nyumba ya wanasesere si rahisi kuwa: skeli iliyozoeleka sana huko ni 1:12, na kabati la sentimita 100 kwa skeli hiyo lina sentimita 8 na ushei tu. Kwa hiyo weka kando habari ya mtihani, tafuta umri na ubora.

Toa droo zote, zigeuze, na umulike kwa taa kutoka ubavuni. Kwenye pembe utaona meno ya mkia wa njiwa, yaani meno yaliyopanuka nchani yanayofungamanisha mbao mbili. Yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa, na mara nyingi pana mstari mwembamba uliochorwa na fundi kuonyesha kina cha kukata. Meno ya mashine yanayofanana yote yalienea kuanzia miaka ya 1870. Hata hivyo, fundi mzuri wa leo anakata kwa mkono pia, kwa hiyo meno peke yake hayatoshi.

Kisha fungua skrubu moja, moja tu, kwa bisibisi inayojaa mfereji wake barabara. Ikilegea itauharibu mfereji, na mwenye kujua ataona alama hiyo daima. Skrubu za kabla ya katikati ya karne ya 19 zina ncha butu, na mfereji wa kichwa mara nyingi umekwenda upande. Msumari wa waya wenye shina la mviringo na kichwa duara ulitawala mwishoni mwa karne hiyo. Ukiukuta, uliza kama ni wa matengenezo au wa tangu mwanzo. Alama za msumeno zenye umbo la tao ni za msumeno wa duara, na kwenye kazi inayodaiwa kuwa ya 1800 zinatia shaka.

Ushahidi tunaouamini zaidi ni mnyweo. Mbao hunywea kwa upana, kukingama na nyuzi zake, na kwa urefu karibu hainywei kabisa. Ndiyo maana kitako cha droo ya kale huachia nafasi kwenye mfereji wake, na mbao za ubavuni hupata ufa wa wima pale zilipozuiwa zisijongee. Kabati la miaka 200 lisilo na nafasi wala ufa popote linahitaji maelezo. Mwisho, tazama mchakao: ukingo wa chini wa droo na reli inayoupokea lazima viwe vimelika pamoja. Ukingo ulioliwa juu ya reli kali maana yake ni kwamba kimojawapo kimebadilishwa. Matundu yaliyozibwa ndani ya uso wa droo yanasema vishikio si vya kwanza. Hilo hupunguza bei, ila halifanyi kabati kuwa bandia.

Mafundi, salamu. Nataka kutengeneza kiti cha enzi, kile cha heshima cha pwani chenye mapambo ya mfupa na kamba za kusukwa, kwa skeli ya 1:12. Nilijaribu kwa mvule, miguu ikapasuka na ikaonekana mizito. – Fundi, Lamu

Fundi mwenzetu, kosa liko kwenye mbao na kwenye mpangilio wa kazi. Pima kiti halisi, kila kipande, ugawe kwa 12. Kimo cha sentimita 120 kinakuwa milimita 100, mguu wa milimita 50 unakuwa 4.2, ubao wa milimita 20 unakuwa 1.7. Lakini vinyweleo vya mbao, yaani vitundu vyake vidogo, havigawanyiki. Vya mvule ni vikubwa, na kwenye mguu wa milimita 4 vinaonekana kama mashimo, tena ndipo ufa unapoanzia. Tumia mpingo: vinyweleo vyake ni vidogo mno na unashika ukingo mkali. Mpera na mchungwa zinafaa pia, mradi zikaushwe kivulini polepole, ncha zimepakwa nta.

Mpangilio ni huu: toboa matundu na ukate ndimi zinazoingia humo wakati kipande kingali kinene na kina pembe mraba. Ndipo uupunguze mguu. Ukitoboa mguu uliokwisha kuwa wa milimita 4, keekee inauchana. Ulimi uwe na unene wa milimita 1.5 na urefu wa 3. Kwa mbao bapa, pasua vipande vya milimita 3, bandika msasa namba 120 juu ya kioo kinene, sugua kwa mwendo wa nyuzi hadi milimita 2, umalizie na namba 240 ufikie 1.7. Randa kwenye unene huo hung'oa vipande, labda iwe kali sana na nyuzi ziwe zimenyooka.

Mpingo una mafuta yanayokataa gundi: futa viungo kwa spiriti, subiri ikauke, gundisha papo hapo. Gundi ikivuja, iondoe kabla haijakauka, kwa sababu inaziba mbao na mahali hapo patabaki na doa jeupe chini ya polishi. Kwa mapambo meupe, mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukatoka mafuta unatosha. Usugue ufike milimita 0.5, uukate umbo lake kwanza, kisha uuweke juu ya mbao na uchore pembezoni mwake kwa ncha ya wembe, ndipo uchimbe ndani ya alama hiyo. Ukichimba shimo kwanza na kulitafutia mfupa, havitakutana. Kamba ya kusukia ya milimita 4 inakuwa uzi wa milimita 0.33, upake nta usitoe manyoya, na usuke baada ya polishi. Vaa barakoa, vumbi la mpingo huwasha mapafu na ngozi.

Nimerithi samani za wanasesere za Kijerumani, rangi ya kahawia iliyokoza, zenye nakshi ya dhahabu. Zimechafuka. Nizioshe? Na vishikio vyeupe ni pembe ya ndovu? – Msomaji, London

Usizioshe. Maelezo yako yanafanana na samani za Waltershausen, mji wa Thuringia, Ujerumani, uliotengeneza sana vitu hivi katika karne ya 19. Mbao ya kawaida ilipakwa ifanane na mbao ya thamani iitwayo rozwudi, na dhahabu yake ni nakshi iliyochapwa, nyembamba mno. Maji na spiriti huiondoa. Tumia brashi laini ya kuchorea, kavu, ukisukuma vumbi kuelekea nje.

Kuhusu vishikio, tazama kwa lenzi. Mfupa una vidoa na vistari vyeusi vidogo. Pembe ya ndovu haina. Ikikatwa kwa kukingama huonyesha mistari inayopishana. Ikiwa ni pembe ya ndovu, kukaa nazo hakuna kosa, lakini kuziuza Uingereza kunabanwa na Sheria ya Pembe za Ndovu (Ivory Act) ya 2018. Kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake chaweza kusamehewa, kikisajiliwa kwanza. Usipeleke Kenya au Tanzania bila vibali.

Je, samani hizi zote zilikuwa za watoto? – Msomaji, Kigoma

La. Nyumba ya wanasesere ya Petronella Oortman, iliyo kwenye makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam, ilijengwa kati ya 1686 na 1710 hivi kwa ajili ya mwanamke tajiri, na iligharimu kiasi cha kununulia nyumba halisi kando ya mfereji. Ile ya Malkia Mary wa Uingereza huko Windsor, iliyobuniwa na msanifu majengo Edwin Lutyens na kukamilika 1924, ina lifti zinazofanya kazi na maji ya bomba. Chicago kuna vyumba vidogo 68 vya mfano vya Narcissa Thorne, vyote kwa skeli ya 1:12.

Kiti changu kidogo cha kale kina vitundu, na unga laini unadondoka. – Msomaji, Dar es Salaam

Unga mpya kwa kawaida maana yake wadudu wako hai. Usimwagie dawa ya petroli, huweza kuharibu polishi. Kitu kidogo kina bahati ya kuingia kwenye friza. Kifunge kwa karatasi laini, kitie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, uzibe kabisa. Kikae nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya mbao na kuacha weupe. Kilichochorwa rangi, chenye pembe ya ndovu, au chenye kioo usikigandishe, mpelekee mtaalamu.

Droo imeachia. Nitumie gundi ya super? – Msomaji, Kampala

Hapana. Inakuwa ngumu kama kioo na ni vigumu kuifungua tena bila kung'oa mbao. Tumia gundi ya ngozi za wanyama, inayouzwa ikiwa chembe: sehemu moja ya chembe kwa mbili za maji baridi, ziloweke usiku kucha, kisha upashe chombo ndani ya maji ya moto yasiyozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Ikichemka inapoteza nguvu. Kwanza ondoa gundi kuukuu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na usikwangue kwa patasi, maana kiungo kitalegea. Bana kwa mipira ya kufungia noti badala ya jiliwa, uache saa 24.