SWR inapanda mvua ikinyesha: ninunue tyuna?

Swali: Antena yangu ni daipoli (waya unaolishwa katikati) ya 7 MHz, kebo ni RG-58 ya mita 30 yenye konekta za PL-259. Mvua ikinyesha SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, 1 ndiyo bora) hutoka 1.4 hadi 5, jua likiwaka inashuka. Mmoja kanishauri ninunue tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio), mwingine niikate kebo kidogo kidogo mpaka SWR itulie. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimsikilize yeyote kati yao. Tyuna ya mezani haigusi hitilafu iliyo juu ya mlingoti. Inaiwezesha redio kuona omu 50, basi, huku maji yakiendelea kula shaba.

Anzia pale kebo inapogawanyika katikati ya daipoli. Msuko wa nje (nyaya nyembamba zilizosukwa chini ya gamba la kebo) ukiachwa wazi hapo, hufyonza maji kama utambi na kuyashusha ndani ya kebo. Kisha fungua konekta. RG-58 ni nyembamba kwa PL-259, inahitaji adapta ya UG-175, na msuko hukunjwa juu ya adapta hiyo na kulehemiwa kupitia matundu ya konekta. Wengi hulehemu pini ya katikati tu, msuko wakauacha umebanwa na nyuzi za skrubu. Ukishika kutu, mguso unapotea. Chuma cha kulehemu cha wati 25 hakitoshi hapo: utakishikilia mpaka plastiki ya ndani iyeyuke na waya wa katikati upige shoti. Tumia cha wati 80 hadi 100, gusa kwa muda mfupi.

Pima kwa multimita, kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Kati ya pini na ganda la konekta isiwepo njia kabisa. Unganisha pini na ganda upande wa mbali: kwa mita 30 za RG-58 utasoma karibu omu 1.5. Tikisa konekta huku ukiangalia mita. Namba ikicheza, umempata mwizi.

Sasa hili la kukata kebo, ambalo huwa linanichosha. Urefu wa kebo haubadilishi SWR ya antena. Kipimo kikibadilika sana kwa kukata kipande, mkondo unatembea juu ya msuko kwa nje, na dawa yake ni choki (kizuizi cha mkondo huo) pale kebo inapoungana na antena, si mkasi.

Tena SWR ndogo isikupumbaze. Kebo iliyolowa humeza nguvu ikienda na ikirudi, kwa hiyo mita hufurahi wakati antena haipati kitu. Acha ncha ya mbali wazi, upime kwa kichanganuzi cha antena. Usirushe kwa redio, utaiunguza. Kwenye 7 MHz, mita 30 za RG-58 isiyo na kasoro hupoteza takriban desibeli 1, na ncha iliyo wazi hurudisha nguvu, hivyo SWR iwe karibu 8. Ukisoma 3, nusu ya nguvu yako inaishia ndani ya kebo, na wapo wanaoisifu kebo ya namna hiyo kwamba “imetulia”.

Ukiziba konekta, silikoni inayonuka siki nayo iache: asidi yake hula shaba. Zungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta, kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kisha tepu nyeusi juu yake kuzuia jua. Kabla ya hapo kata sentimita 30 za kebo utazame msuko. Ukiwa mweusi, endelea kukata. Ukifika mita moja bado ni mweusi, nunua kebo nyingine.